Babu Huyu Kazikwa Wapi?

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, nilikuwa nikiwasomea watu kumi au kumi na wawili riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, hapa Kiberege, kwenye kibaraza cha mashine ya kukoboa. Halikuwa darasa wala chama. Walikuwa watu wanaosubiri zamu yao, na kwa kuwa umeme wetu una tabia ya kuondoka bila ya kuaga, kusubiri huwa ni kwingi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nguvu za kubeba magunia sina tena, lakini sauti ninayo. Nilipofika pale ambapo babu anamtokea mjukuu wake, yule mkubwa ambaye mwandishi hakumpa jina zaidi ya herufi moja tu, K, mzee mmoja wa Kindamba aliyekuwa amefumba macho muda wote aliyafumbua akaniuliza: "Mwalimu, babu huyu kazikwa wapi?"

Nikamjibu kwamba hilo halina uzito, kwani hadithi hii ni ya fumbo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekosea salamu. "Mzimu una kaburi," akasema. "Asiye na kaburi hafufuki. Atatokea wapi?"

Nimeishi na swali lile mwaka mzima. Kila riwaya mpya inaponifikia, na hunifikia zikiwa zimechelewa na kuchakaa, nalisikia lile swali kabla sijamaliza sura ya kwanza. Nimeamua kuliandikia jarida la visiwani kwa kuwa visiwani ndiko walikozaliwa mabingwa walionifunza kuipenda riwaya: Mohamed Suleiman Mohamed na Nyota ya Rehema yake, Adam Shafi, na huyu huyu Said Ahmed Mohamed wa Asali Chungu na Utengano. Huwezi kumlalamikia mtu usiyemheshimu. Utampita tu njiani.

Nasema wazi tangu mwanzo, nisije nikadhaniwa nimekuja na mkuki uliofunikwa kwa kanga: riwaya yetu ya leo inaugua ugonjwa wa kukosa anwani, na wale wanaoiuguza, yaani wahakiki, majaji wa tuzo na baadhi ya wahadhiri wa vyuo vikuu, wameupa ugonjwa huo jina la afya. Kitabu kikitoka ambacho nchi yake haina jina, mji wake hauna mtaa, mto wake ni "mto" na rais wake ni "mkuu", husifiwa kwamba kimevuka mipaka na kimekomaa. Kikitoka kingine kinachotaja Mang'ula na Msolwa, bei ya gunia la mpunga na jina la kivuko, huambiwa kwamba ni cha kienyeji, kinaelezea sana, kina harufu ya tope. Sijui tangu lini harufu ya tope ikawa kasoro kwa watu wanaokula wali.

Chanzo cha mtindo huu kinajulikana. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu viwili vyembamba ambavyo vilivunja kila ukuta wa riwaya ya Kiswahili tuliyoizoea. Vilipofika mikononi mwangu nilivisoma kwa hofu na furaha, kama mtu anayevuka mto usiku. Sina neno juu ya Kezilahabi, Mungu amrehemu, aliyefariki Januari 2020. Lakini tusisahau alikotokea kabla ya kufika huko. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na Ukerewe imo ndani ya Rosa Mistika ya mwaka 1971, imo ndani ya Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo, na zogo la kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa limo ndani ya Gamba la Nyoka. Kwa miaka karibu ishirini alimlipa kila jirani deni lake. Alipoiacha ardhi akapaa, alikuwa na mahali pa kurukia. Waliomfuata wengi walianzia pale alipomalizia yeye, kama mjenzi anayeanza na paa.

Baada yake ikaja Walenisi ya Katama Mkangi mwaka 1995, ikaja Babu Alipofufuka mwaka 2001, zikaja Bina-Adamu! na Musaleo! za Kyallo Wamitila mwaka 2002 na 2004, ikaja Dunia Yao mwaka 2006. Kila moja ya hizi ina kurasa ambazo ningezitetea mbele ya yeyote. Katika Bina-Adamu! msimulizi huzunguka ulimwengu kumsaka kiumbe anayeitwa P.P., na ndani ya safari ile mna mzaha mkali juu ya utandawazi ambao hadi leo haujachacha. Lakini tukubali pia kwamba nilipokisoma kitabu hicho kibarazani, niliachwa na wasikilizaji wawili, na mmoja wao alikuwa amelala. Mtaniambia kosa ni la wasikilizaji. Mimi nimefundisha kwa miaka thelathini na miwili na najua usingizi wa mvivu na usingizi wa mtu aliyeachwa njiani. Huu ulikuwa wa pili.

Wapenzi wa mashairi wanaosoma kurasa hizi watanijia na hoja yao kubwa, nami naijua, kwa kuwa nimeisikia mara nyingi. Watasema: fumbo si geni kwetu. Washairi wa pwani wamefumba tangu enzi na enzi, na riwaya hizi zinarithi mila hiyo hiyo. Hapa ndipo ninapopingana nao kabisa, na naomba nisikilizwe taratibu.

Fumbo la mshairi wa zamani lilikuwa na mlango, na ufunguo walikuwa nao wenyeji. Muyaka bin Haji alipotunga Mombasa katika karne ya 19, wakati wa ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, na wa Mombasa na Lamu, alifumba kwa sababu wasikilizaji wake walimjua kila aliyelengwa, walijua nyumba yake, jahazi lake na aibu yake. Fumbo lile lilimficha mzungumziwa asiweze kushitaki. Halikuwaficha watu wake wasielewe. Tena tazameni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Kama kuna utungo wa Kiswahili uliotafakari kupita kwa dunia, kifo na ubatili wa mali, ni huo. Na mshairi aliutundika wapi ukumbi wa tafakuri yake? Pate. Katika majumba ya Pate yaliyobomoka, kumbi ambazo watu wa zama zake waliweza kwenda kuzishika kwa mikono. Sayyid Abdalla hakusema "kisiwa fulani". Utungo ule umetufikia sisi tulio mbali na bahari, tusioijua Pate wala Siyu, na tunaulilia, kwa sababu aliyeutunga alikuwa amesimama mahali.

Basi msiniambie kwamba riwaya isiyo na anwani ni mjukuu wa fumbo la pwani. Fumbo lile lilikuwa siri ya watu wanaojuana. Hili la leo linawafumbia wasiojuana, na ufunguo wake umebaki kwa mhakiki, ambaye huutoa baadaye katika makala ya kurasa kumi na tano, ili mwanafunzi ajibu mtihani.

Ipo hoja nyingine, hiyo naiinamia: hoja ya hofu. Mwandishi hakuficha jina la nchi kwa kiburi, alificha kwa sababu nchi ilikuwa na magereza. Rosa Mistika ilipigwa marufuku mashuleni. Katama Mkangi aliwekwa kizuizini Kenya mwaka 1986, na mtu aliyepita huko ana haki ya kuandika juu ya nchi ya Walenisi bila ya kuulizwa na mzee yeyote wa kibarazani iko wapi. Sitamdai shujaa ushujaa wa ziada.

Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo inayonirudisha kwa Adam Shafi. Alitiwa ndani baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, na kutokana na yale aliyoyapitia akaandika Haini, iliyotoka mwaka 2003. Hata pale anapobadili majina ya watu, msomaji hapotei njia. Anajua yuko kisiwa gani, gereza lipi, na ukuta una unyevunyevu wa bahari ipi. Hapa kwetu Kiberege lipo gereza, na tumezoea kuwaona wafungwa wakienda na kurudi shamba kama tunavyoona jua likichomoza na kutua, yaani bila ya kutazama. Niliposoma Haini kibarazani alikuwapo askari magereza mstaafu, mtu aliyefanya kazi katika mikoa mingi kabla ya kuja kujenga huku. Alisikiliza sura mbili akainuka akaondoka, hata mpunga wake akauacha. Nikajilaumu. Kesho yake alifika kabla ya watu wote, akaketi karibu nami, akasema, "Endelea, Mwalimu." Hakusema kingine mpaka kitabu kikaisha. Mimi sihitaji jaji wa tuzo anieleze riwaya ile imevuka mipaka au haijavuka.

Na Vuta n'kuvute, ya mwaka 1999? Mama mmoja muuza vitumbua alitaka kujua kama nyumba aliyokaa Yasmin bado ipo, na kama mtu akienda Unguja anaweza kuonyeshwa. Aliuliza hivyo kwa sababu aliyesimulia alimfanya aamini kwamba kuna mlango, kuna ngazi, kuna jirani anayechungulia. Amil Shivji alipoigeuza hadithi ile kuwa filamu mwaka 2021, alikuwa na mitaa ya kuipigia picha. Jaribuni kuipigia filamu nchi isiyo na jina. Mtapiga picha ukungu.

Niseme sasa juu ya bonde langu, maana mtu anayelalamikia kukosekana kwa anwani lazima atoe yake. Mto Kilombero unapita kusini ya Ifakara, mpana, mzito, rangi ya chai ya maziwa. Ukiteremka nao utafika unapokutana na Luwegu, na kutoka hapo maji hayo hubadili jina yakawa Rufiji, yakaenda hadi delta na Bahari ya Hindi, karibu na nyinyi. Maji mengi ya Rufiji ni yetu. Mwaka 2002 Seithy Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2006, alitoa Makuadi wa Soko Huria, riwaya nene juu ya delta ile na mradi mkubwa wa kufuga kamba uliowatia hofu wenyeji katika miaka ya tisini. Kitabu kile kina kasoro ambazo mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeziona. Wahusika wake wanahutubia. Mtu akiombwa maji ya kunywa hutoa kwanza historia ya ubepari. Nimewahi kukitupa kitandani kwa hasira mara tatu, na mara tatu nimekiokota. Kwa nini? Kwa sababu Rufiji yake ni Rufiji. Ina mikoko, ina wanaotaka kuiuza, ina historia ya Maji Maji chini ya kila mti. Aprili 2024, mafuriko yalipowakumba watu wa Rufiji, na nchi nzima ikabishana kama ni mvua tu au ni maji yaliyofunguliwa katika bwawa jipya la umeme, mimi nilikitoa kitabu cha Chachage chini ya kitanda nikakisoma tena usiku kucha. Katika riwaya zote nilizozitaja za nchi zisizo na jina, hakuna hata moja niliyoiwazia usiku ule.

Hebu fikirini ni mambo mangapi yamelipitia bonde hili bila ya kuandikiwa riwaya ninayoijua. Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji, Wambunga na Wapogoro miongoni mwao, waliishambulia boma ya Wajerumani kule Mahenge, wakaanguka mbele ya bunduki za mzinga. Katika miaka ya sitini kiwanda cha sukari kilianza kuita watu kutoka kila pembe ya nchi, na watoto wao leo hawana lugha nyingine ila Kiswahili cha mashamba ya miwa. Wachina walifika na reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, wakafukua milima, wakala chakula chao, wakaondoka, na wapo wazee hapa wanaokumbuka nyimbo zao bila ya kujua maana yake. Mwaka 2002 bonde likatangazwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Miaka kumi baadaye ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji na ng'ombe wao, na Wasukuma na Wabarabaigi waliokuwa wamejenga huku wakaonekana barabarani usiku na mifugo, wakielekea wasikokujua. Januari 2016 kivuko kikapinduka mtoni, na miaka miwili baadaye likazinduliwa daraja kubwa, na kizazi kinachokuja hakitajua kamwe ilikuwaje kusimama ukingoni ukipiga kelele ili ng'ambo wakusikie.

Na kila msimu wa kilimo, familia nzima huhama nyumba yake kijijini ikaenda kuishi shambani bondeni, na mtoto hushinda juu ya dungu akifukuza ndege, usiku akisikiliza viboko wakitafuna mpunga wa mwaka mzima. Sina haja ya kuongeza chumvi. Mwandishi wa Kolombia angepewa nusu ya haya, tungekuwa tunamsoma katika tafsiri.

Neno tafsiri limenikumbusha Abdulrazak Gurnah, ambaye hakuna mwana wa visiwani atakayenisamehe nisipomtaja. Riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi na kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Stockholm kumpa Tuzo ya Nobel. Miaka ishirini na minane! Mtoto aliyezaliwa Unguja siku kitabu kilipotoka alikuwa ameshaoa na kuzaa kabla hajaweza kukisoma kwa lugha ya mama yake. Lakini hilo ni lawama kwa wengine. Nililotaka kusema ni kwamba nilipoisoma Peponi nilikuwa, kwa mara ya kwanza, upande wa pili wa msafara. Wafanyabiashara wa pwani wanaingia bara na bidhaa zao, wanatuogopa, wanatudharau, wanatuita washenzi, na sisi tuko vichakani tunawatazama wanavyohesabu mizigo. Gurnah hakuifunika dharau ile. Aliiacha ionekane, na kwa hiyo mimi, mjukuu wa washenzi, sikutukanwa. Nilijiona. Na ajabu ni kwamba huyu ni mwandishi ambaye naye ana miji asiyoitaja. Mji wa pwani ulio kitovu cha Afterlives, riwaya yake ya mwaka 2020, hauna jina. Lakini vita vyake ni vita vilivyopiganwa, Wajerumani wake ni Wajerumani, na msomaji wa Mahenge anaijua njia ambayo wale askari walipita. Kumbe sitaki ramani. Nataka kaburi la babu.

Jambo hili la upande wa pili wa msafara halijaisha. Ukichukua riwaya zetu zilizo bora, nyingi ni za Mji Mkongwe, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi. Bara ya mashambani huingia kama mahali anapotoka mtumishi wa ndani. Iliyoniponya katika hilo ni kazi ya mwana wa kisiwa, lakini kisiwa cha maji matamu: Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akasubiri hadi mwaka 1980 kuiona imetoka kwa Kiswahili, akafa mwaka uliofuata. Humo mna namna ya kupika pombe, kutega samaki, kuoa, kuugua, kuzika. Wahakiki wengine husema si riwaya, ni maelezo ya mila. Wacha waseme. Mzee wangu wa Kindamba aliisikiliza wiki tatu bila ya kufumba macho, na alipinga mambo mawili ya uvuvi kwa ukali mkubwa, kama mtu anayebishana na mvuvi mwenziwe.

Najua pia mtakaloniambia juu ya lugha, kwa kuwa mmeniambia hata mara nyingine mlipochapisha barua zangu. Mtasema riwaya ya bara ina Kiswahili kikavu, haina ladha, haina methali zilizokaa mahali pake. Kuna ukweli. Lakini ladha ya Kiswahili cha Adam Shafi haikutoka katika kamusi. Ilitoka vibarazani kwake, bandarini kwake. Kuli isingekuwa Kuli bila ya makuli wa Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mnataka mwandishi wa Kilombero aandike Kiswahili kitamu huku mkimwambia afute vibaraza vyake? Atakitoa wapi? Kiswahili cha Ifakara kinachosemwa na Mndamba kwa Msukuma juu ya bei ya jike la ng'ombe kina utamu wake, mkali kama ndimu, na hamjaonja.

Shuleni hali ni mbaya zaidi, nami nilikuwa mmoja wa waliosimamia ubaya huo. Kwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini ya Ben Hanson, kitabu chema chenye huruma, kilichotungwa juu ya Zimbabwe, na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ya Dar es Salaam. Waliobahatika kufika kidato cha tano walikutana na Vuta n'kuvute. Wengi hawakuvisoma vitabu vyenyewe, maana nakala zilikuwa tano kwa wanafunzi mia. Walisoma vile vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi, ambamo kila riwaya ina dhamira sita na wahusika wamepangwa kama magunia. Mtoto wa hivyo akikua akawa mwandishi, ataanza na dhamira. Ataamua kwanza kwamba ataandika juu ya rushwa, kisha ataitafutia rushwa hiyo nchi ya kukaa, na kwa kuwa rushwa iko kila mahali, nchi yoyote itafaa, na isiyo na jina ndiyo rahisi kuliko zote.

Na tuzo? Nashukuru zipo. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianza mwaka 2014, na kwa mkono wake tukampata Zainab Alwi Baharoon na Mungu Hakopeshwi, mshindi wa riwaya wa mwaka 2018. Serikali nayo ilizindua Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Fedha si kitu kibaya kwa mwandishi. Ninachoogopa ni uvumi unaotembea nyuma ya tuzo, ule wa "majaji wanapenda hiki, hawapendi kile", ambao majaji wenyewe labda hawajawahi kuutamka. Uvumi huo umefika hadi Kiberege, na hapa ndipo nilipofikishwa na hasira yangu.

Kuna kijana niliyemfundisha, sasa ana miaka thelathini na kitu, analima mpunga na kushona viatu. Kwa miaka minne ameandika riwaya juu ya kivuko kile cha mwaka 2016. Ameiandika kwa mkono katika kaunta buku tatu, na mimi nimeisoma yote. Haijaiva. Kuna sura nzima za mapenzi ambazo ningezitia moto. Lakini kuna kurasa arobaini za usiku mmoja ukingoni mwa mto, watu wakisubiri habari, mwanamke anayekataa kuvua kilemba kilicholowa, muuza kahawa anayezunguka bila ya kudai fedha, ambazo sijasoma mfano wake katika Kiswahili cha miaka ishirini hii. Alizipiga chapa kwa kukopa, akazipeleka kwa mchapishaji mmoja mjini. Baada ya miezi minane akajibiwa kwa barua ya nusu ukurasa. Apunguze mambo ya kienyeji. Aondoe majina ya mahali, hadithi iwe ya Afrika nzima, ndipo inaweza kufikiriwa, na pengine kushindanishwa.

Alikuja nyumbani Jumapili moja jioni, akanipa shikamoo, akaketi, akanionyesha kaunta buku ya kwanza. Kwa kalamu nyekundu, kwa rula, kwa uangalifu wa mtu mtiifu, alikuwa amekata kila penye neno Kilombero akaandika juu yake "Mto", kwa herufi kubwa. Ifakara imekuwa "Mji". Muuza kahawa, ambaye alikuwa na jina na baba na kijiji cha Lupiro, amekuwa "Mwanamume". Mwanamke wa kilemba amekuwa herufi moja, M.

Nilimuuliza anaionaje sasa. Akasema, "Mwalimu, naona kama watu wamekufa mara ya pili."

Tangu siku hiyo tunakutana kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, mimi na yeye na chupa ya chai, tukirudisha majina. Tunatumia kalamu ya buluu, juu ya nyekundu, na ukurasa umekuwa kama jeraha, lakini unasomeka. Tumemaliza kaunta buku mbili. Juzi aliniuliza kama turudishe na jina la kivuko, maana jamaa za watu wale bado wapo, na wengine tunakutana nao sokoni. Nikamwambia aende kwanza kwa jamaa hao, akawasomee zile kurasa arobaini, kisha waamue pamoja. Amekwenda nyumba mbili. Ya tatu iko ng'ambo, na anangoja barabara ikauke.